Kadi ya RAID ilivyonilaza na madeni

Wafanyabiashara wenzangu, hili limenigharimu, ndo maana naliandika.

Nina steshenari hapa Buzebazeba. Madeni, picha, kazi za wateja, vyote nilikuwa naweka kwenye seva moja ya mtumba. Fundi alinifungia diski tatu kwenye kadi ya RAID, akasema diski moja ikifa kazi inaendelea. Kweli. Ila hakuniambia kadi yenyewe ikifa inakuwaje. Ikafa. Diski zote nzima, kompyuta nyingine ikagoma kuzisoma. Ilitakiwa kadi ya aina ile ile, Kigoma sikuipata. Madeni ya miezi mitano nikabaki kuyakumbuka kichwani. Wapo waliolipa, wapo walionicheka.

Maoni yangu: duka dogo lisitegemee kadi. Tumia mdadm kwenye Linux, ni ya bure. Wa Windows mnayo Storage Spaces humo humo. Weka RAID 1: diski mbili za TB 1 zinakupa nafasi ya TB 1 tu, kwa sababu kila kitu kinaandikwa kotekote. Mashine ikiungua, hamishia diski kwenye mashine nyingine yenye Linux, zinasomeka. Kila asubuhi andika cat /proc/mdstat. Ukiona [UU] uko salama. Ukiona [U_] diski moja imeondoka, tafuta nyingine siku hiyo hiyo.

Watasema kadi ina kasi. Sawa, wenye benki wanunue. Sisi tunataka kitu ambacho kikiharibika, fundi wa mtaani anakirudisha.

Na RAID siyo bekapu! Ukifuta faili, limefutika kote. Nakala nyingine ikae nyumbani.

Wewe madeni yako umeyaweka wapi?