Samaki Mmoja Akioza

Mwaka jana, nikiwa likizo nyumbani Nchelenge, nilituma maombi ya ufadhili kwa anwani yangu ya barua pepe inayoishia na .zm. Haikupita dakika, barua ikarudi na namba 550 na maelezo kwamba barua za kikoa hicho hazipokelewi. Hawakunikataa mimi wala hawakukataa chuo. Waliikataa .zm, yaani Zambia nzima, kwa kuogopa barua taka. Na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa ile ile.

Mwenzangu anayesomea kompyuta aliniambia nisilalamike: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Methali hii nadhani aliitunga mtu asiyeuza samaki. Mama yangu anauza samaki katika soko la Kashikishi. Akikuta mmoja ameharibika humtoa, hunusa wale waliolaliana naye, kisha biashara inaendelea. Sijamwona hata siku moja akimwaga beseni zima. Angekuwa anafanya hivyo, nisingefika chuoni.

Najua hoja ya wasimamizi wa seva. Taka ni nyingi, nyingine zimebeba wizi, na kuzichambua kunakula muda na fedha, wakati kufunga kikoa ni amri ya mstari mmoja. Sawa. Lakini taka hizo zinatoka wapi? Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilitumwa Marekani mwaka 1978, kutangaza kompyuta kwa watu wapatao 400. Sisi huku tulisubiri mpaka 1994, ZAMNET ilipozaliwa Chuo Kikuu cha Zambia, ndipo tukapata intaneti. Na kwa hesabu za kampuni ya Kaspersky za 2022 na 2023, nchi tatu zilizoongoza kwa kutoa taka ni Urusi, China na Marekani. Mbona hakuna anayeifunga .com? Atakayeifunga atapigiwa simu na wateja wake kabla ya saa sita mchana. Akiifunga .zm, hasikii kitu. Tunafungiwa kwa uchache wetu. Uchafu ni kisingizio.

Mwenzangu akanijibu kwa ziwa letu wenyewe. Mbona Mweru nalo hufungwa kwa wote, Desemba hadi mwisho wa Februari, mwenye wavu halali pamoja na mwenye kuvua kwa chandarua? Nakiri, hoja hii ilinisumbua siku mbili. Ila ziwa hufungwa kwa sheria inayotangazwa, kila mvuvi anajua kwamba Machi mosi atasukuma mtumbwi, na samaki watakaoongezeka atawavua yeye. Kikoa kimefungwa bila tangazo, bila tarehe ya kufunguliwa, na faida anaila mwingine. Hata pa kukata rufaa sikuonyeshwa. Pangekuwepo, ningeandika kwa anwani ipi?

Sidai kila barua ipokelewe. Seva inaweza kutazama mashine iliyotuma, kukagua kama mtumaji ni yule anayejitaja, na barua yenye shaka kuiweka pembeni mpaka mtu aisome. Kazi ya kunusa, basi, kama ya mama.

Usiku ule nilifungua anwani mpya ya Gmail, nikatuma maombi yale yale bila kubadili hata nukta. Yalipokelewa saa nne na dakika kumi.