Tupimwe Kabla ya Kupofuka

Yako maradhi yanayomvunjia mfanyakazi heshima kazini mwake kabla hayajamlaza kitandani. Tumchukue dereva wa lori ambaye kwa miaka mingi hakuwa na doa lolote katika kazi yake. Pole pole aanza kugonga nguzo za lango, leo upande wa kushoto, kesho upande wa kulia. Mkubwa wake humwandikia barua ya onyo, wenzake hunong'ona kuwa siku hizi analewa, na mwenyewe hana la kujitetea, maana akitazama mbele aona vizuri kabisa. Kilichompotea ni uoni wa pembeni, na aghalabu mtu hajui kuwa ameupoteza mpaka aambiwe.

Mojawapo ya sababu za upofu wa namna hiyo ni uvimbe katika tezi ya pituitari. Tezi hii ni ndogo kama punje ya njegere, nayo imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, katika kishimo cha mfupa. Udogo wake usitudanganye. Ndiyo iziamrishayo tezi nyingine nyingi za mwili, na katika mkono wake umo ukuaji wa mtoto, uzazi wa mke na mume, na maziwa ya mama. Juu yake hupishana mishipa ya fahamu itokayo machoni, na uvimbe ukipanda juu huibana mishipa hiyo. Vivimbe vingi vya namna hii si saratani, tena hukua taratibu. Hiyo ni nafuu, lakini pia ni mtego, kwa kuwa mgonjwa huzoea hali yake kidogo kidogo, na miaka hupita.

Twasema wazi kwamba hapa elimu si iliyopungua. Katika miaka ya 1950 Bibi Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson walikuwa wakifanya kazi katika hospitali ya serikali ya askari wastaafu huko Bronx, New York. Maabara ya kwanza ya bibi huyo ilikuwa stoo ya mfagizi. Kutokana na kazi yao ikapatikana njia ya kupima homoni zilizomo katika damu kwa kiasi kidogo mno, jambo ambalo hapo kabla halikuwezekana. Hawakuichukulia hataza ili wajitajirishe. Waliiacha itumiwe na kila mtu. Berson alifariki mwaka 1972, na Bibi Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Sisi twapenda kuwakumbuka watu wa aina hii, kwani leo wako wengi wanaoifanya afya ya watu kuwa duka.

Kwa elimu hiyo, damu kidogo ya mkononi yatosha kupima prolaktini, homoni ya maziwa. Mwanamke asiyepata siku zake, au anayetoka maziwa hali hanyonyeshi, yafaa apimwe. Kadhalika mwanamume aliyepungukiwa nguvu na asiyepata mtoto. Yule ambaye utu uzimani pete yake haimwingii tena, viatu vyake vimembana, na taya lake limetokeza, hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho IGF-1. Na anayenenepa uso na tumbo huku mikono na miguu ikikonda, ngozi ikichubuka ovyo, hupimwa hata kwa mate: hutafuna kipande cha pamba nyumbani kwake saa tano au sita ya usiku, wakati ambapo kwa mtu mzima wa afya homoni ya kotisoli imeshuka. Hapana kisu wala kulazwa.

Kipimo cha macho nacho hakina gharama. Mganga huketi mbele ya mgonjwa, humfunika jicho moja, kisha hupitisha kidole chake kutoka pembeni na kumwuliza kama amekiona. Kazi hii yaweza kufanywa na zahanati yoyote yenye mganga aliyefundishwa. Basi twavitaka vyama vya wafanyakazi vidai kipimo hiki kwa kila dereva na kila mwendesha mitambo kabla hajaadhibiwa kwa uzembe.

Lakini jambo lituumizalo zaidi ni la nyumbani. Mke huitwa tasa, hurudishwa kwao na mahari hudaiwa, wala hakuna aliyekumbuka kumpima damu. Kumbe pengine ana uvimbe utoao prolaktini, na vidonge vya kabergolini au bromokriptini, ambavyo mara nyingi huupunguza uvimbe huo hata bila upasuaji, vingemrudishia uzazi wake. Huu ni uonevu, na hauwi halali kwa kuitwa mila.

Wako watakaosema kuwa mashine ya MRI ni ghali na haiko kila mkoa. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kutangulia na damu na macho, ili safari ya mjini aifanye anayeistahili. Ni kweli pia kwamba vivimbe vingine havitoi homoni, navyo hujificha. Huko Detroit, watafiti wa Henry Ford walieleza mwaka 2022 jinsi walivyotambua katika damu alama za kikemia za vipande vya DNA vitokavyo katika uvimbe wa pituitari. Twaipokea habari hiyo kwa furaha. Hata hivyo ile ni kazi ya utafiti, na atakayekuja kukuuzia kipimo hicho mtaani ni tapeli.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge letu mwaka 2023. Twataka kipimo cha prolaktini kihesabiwe kuwa haki ya kila mwenye kadi anayekihitaji, wala kisiwe fadhila.

Wanachama wetu nao wasishtuke kwa kila maumivu ya kichwa, maana mengi hayana uhusiano na uvimbe. Prolaktini nayo hupanda kwa mimba, kwa kunyonyesha, na kwa baadhi ya dawa za akili na za kuzuia kutapika. Kwa hiyo aendaye kupimwa aandike majina ya dawa zake zote, tena achukue na picha zake za zamani kama anazo. Daktari akilinganisha sura ya leo na ile ya miaka kumi iliyopita, aweza kutambua kile ambacho jamaa wa nyumbani, kwa kumwona kila siku, hawakukiona.