Nani anapima kitabu cha kwetu?

Ba camarades, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya kitabu, na mutaona kama jambo ni lile lile.

Mtoto wangu mwanamuke anasoma Lubumbashi. Likizo iliyopita aliniletea Tram 83, roman ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi 1981 na leo anaishi Graz, kule Autriche. Nilikisoma nikitoka poste ya usiku, kidogo kidogo. Ndani mule kuna muji usio na jina, gare isiyomalizika, wachimbaji, wanafunzi, wageni wanaofuata mawe, na bar moja ambamo wote wanakutana. Hakuna mutu wa Katanga wa kuelezwa ni wapi.

Kitabu kilitoka Paris 2014. Kikasifiwa, kikatafsiriwa kwa Kiingereza, kikapata prix Etisalat ya 2015 kule Nigeria, na 2016 kikaingia mu liste ya vitabu 13 vya Man Booker International. Wengine walikasirika, wakasema wanawake wamechorwa vibaya. Hayo yote yalisemwa mbali. Sisi wenye mawe, kimya.

Kila creuseur anajua uchungu huu: unatoa mawe shimoni, unabeba mufuko mpaka ku comptoir, na mwenye kununua ndiye mwenye mashini ya kupima teneur. Akisema mbili kwa mia, ni mbili. Wewe hauna mashini. Mwandishi naye ni vile. Anakaa miaka na maneno yake, halafu anangojea mutu wa gazeti apime. Article moja nzuri, na éditeur wa inchi ingine anauliza kitabu. Article mubaya inauma, lakini angalau kuna mutu aliyefungua mufuko. Kimya ndiyo inaua.

Na musiseme vitabu si mambo ya Likasi. V. Y. Mudimbe alizaliwa hapa hapa 1941, wakati muji uliitwa Jadotville. Roman yake Entre les eaux, ya 1973, ilipata Grand prix catholique. Alipokufa 2025, nilisikia vijana hapa Buluo wakiuliza ni nani.

Bei ni shida, ndiyo. Kitabu changu kimepita mu mikono minane na kimerudi bila jalada.

Bibi yangu nilimusomea kwa sauti kurasa za wanawake. Akanyamaza, halafu akauliza: «Baba, na sisi tulioosha mawe ili watoto wasome, tuko wapi humu?» Nikamujibu kama ile ni bar, si inchi yote. Hakukubali. Ni ulizo ambalo mutu wa gazeti la Paris hawezi kumuuliza Mujila, juu yeye hajaosha mawe.

Kwa hiyo ninaomba gazeti hili nusu ukurasa kwa mwezi, na badelege wa syndicat wakusanye maandiko. Si ya kusifu mtoto wa kwetu kwa sababu ni wa kwetu. Mwenye kuchoka ku ukurasa wa 40 aandike kama alichoka, na sababu gani. Yangu iko tayari: ninasema maneno yake yanacheza muziki kweli, lakini nilitamani abaki chini ya shimo muda murefu zaidi. Ya bibi yangu inapinga yangu. Muchapishe zote mbili.