Mbegu ya Muhogo Isipimwe kwa Majani



Wako wanaouliza: sisi watu wa karafuu, muhogo wa Mwanza unatuhusu nini? Jibu si gumu. Mkarafuu mchanga hungojewa miaka sita, hata minane, kabla ya kuchumwa kitu cha maana. Na ukishakua, si kila mwaka huzaa vizuri. Katika miaka hiyo ya kungoja, nyumba hula muhogo. Muhogo ukiharibika, mwenye shamba hukopa kwa karafuu ambazo bado ziko mtini, na hapo ndipo taabu yake inapoanza. Basi yafaa tuyaangalie yaliyowapata wenzetu wa Ziwa Victoria.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia si mgeni pwani. Mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, huko Tanga, aliuandika mwaka 1936. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kuwa ni ugonjwa wa nchi za chini, usio na nguvu juu ya mita 1,000. Ziwa Victoria liko juu ya mita 1,100. Kwa hesabu hiyo Mwanza ilikuwa salama, na Ukerewe pia, kisiwa ambacho watu wake hutegemea muhogo kwa chakula. Lakini mwaka 2004 ugonjwa ulionekana Uganda, kisha ukaenea katika nchi zinazolizunguka ziwa. Kumbe mwinuko haukuwa boma.

Tena ulikuja wakati mbaya. Katika miaka ya 1990 batobato kali ilitoka Uganda ikashuka mpaka Kagera. Wataalamu walitoa mbegu zinazoshindana na batobato, na wakulima wakazipokea. Nyingi katika mbegu hizo hazikuwa na kinga ya michirizi. Ugonjwa mmoja ulizibiwa njia, wa pili ukapita.

Ubaya wa michirizi ni kwamba hujificha. Shina laweza kusimama na majani mengi ya kupendeza, kumbe muhogo wenyewe ardhini una mabaka ya kahawia, makavu na magumu, usiofaa kuliwa wala kuuzwa. Inzi mweupe huupeleka ugonjwa shamba la jirani. Lakini safari ndefu huupeleka mtu, anayefunga mzigo wa vijiti na kuupakia garini au chomboni.

Wataalamu hawakulala. Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichopata sifa kwa utafiti wa pamba tangu enzi ya Waingereza, leo kiko chini ya TARI na hutafuta muhogo unaostahimili magonjwa yote mawili. Hapa Unguja, mwaka 2007, tulipewa mbegu nne: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Tena siku hizi iko programu ya simu iitwayo Nuru, inayosema Kiswahili, ambayo hutazama jani na kumwambia mkulima lina ugonjwa gani. Ni msaada mkubwa. Lakini simu huona jani tu. Yaliyo ardhini hayaoni.

Kwa hiyo naona kazi iliyobaki ni yetu. Utafiti wa Ukiriguru na wa Kizimbani hauna faida ikiwa kila mmoja wetu anaendelea kukata mbegu popote kwa sababu ni za bure na majani yake yamenawiri. Hata mbegu nzuri, ikipandwa mwaka baada ya mwaka katikati ya mashamba yenye ugonjwa, mwisho huambukizwa.

Napendekeza kila tawi la chama liwe na konde moja la mbegu, mbali kidogo na muhogo mwingine, lipandwe vijiti kutoka kituo cha utafiti. Shina lenye dalili ling'olewe mara moja. Na kabla ya kugawa vijiti, mashina kadhaa yachimbwe na mihogo ipasuliwe mbele ya wanachama, kila mtu aone kwa macho yake. Mbegu za kutoka ng'ambo zisipandwe kabla ya kuonyeshwa kwa Bwana Shamba.

Watasema wengine kwamba hiyo ni kazi nyingi kwa zao lisiloleta fedha. Ni kweli, muhogo hautujazi mifuko. Lakini ndio unaotuwezesha kuingoja mikarafuu mpaka izae, bila ya kuiweka rehani. Wenzetu wa ziwa waliamini mwinuko utawakinga. Sisi tusiitegemee bahari.