Kumi kwa Kumi Haitoshi: Maswali ya Kompyuta Yanayolinda Pesa Zako

Chemsha bongo za kompyuta ziko kila mahali siku hizi. Ukiomba kazi ya ofisi, unaweza kupewa moja kabla hata ya mahojiano. Ukimaliza kozi ya pakeji za kompyuta pale mtaani, unafanya nyingine ndipo upewe cheti. Watoto nao wanakuja nazo nyumbani, maana ujuzi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wa CBC.

Sisi tunalipenda jambo hili. Mtu akijiuliza maswali anajifunza. Tatizo letu ni kwamba maswali mengi yanapima kumbukumbu tu, na baadhi ya majibu yanayopewa tiki si sahihi. Kwetu sisi tunaoshughulika na pesa za watu kila siku, hilo si jambo dogo. Mtu aliyekosa jibu anajua kwamba hajui, kwa hivyo atauliza. Lakini aliyepewa tiki kwa jibu bovu atatembea nalo akijiamini, mpaka siku litakapomgharimu.

Hebu tuangalie maswali manne.

1. "Tovuti yenye alama ya kufuli ni salama. Kweli au si kweli?"

Ukijibu "kweli", mara nyingi utapewa alama. Sisi tungekunyima. Alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa, ili mtu wa katikati asiyasome. Haikuambii mwenye tovuti ni nani. Tapeli naye anaweza kuipata, tena bila kulipa hata shilingi. Ni kama kumnong'onezea mwizi siri yako: majirani hawatasikia, lakini mwizi kashasikia. Watu waliielewa vibaya alama hii kiasi kwamba mwaka 2023 kivinjari cha Google Chrome kiliibadilisha kwenye kompyuta na kuweka nyingine.

Swali bora lingekuwa hili: kati ya anwani mbili, ipi ni ya idara ya serikali ya Kenya? Moja inamalizikia na .go.ke. Nyingine ina maneno "go-ke" katikati, lakini mwisho wake ni .com. Hapo mtu anajifunza kusoma mwisho wa jina la tovuti kabla ya kuandika chochote, na huo ndio ujuzi anaouhitaji akitumiwa linki ya "zawadi" kwenye SMS.

2. "Ukifuta faili, linatoweka kwenye kompyuta. Kweli au si kweli?"

Jibu ni si kweli. Kwa kawaida, kompyuta ya Windows hulipeleka faili kwenye pipa la taka, na yeyote anayekuja baada yako anaweza kulirudisha kwa kubofya mara mbili tatu. Sasa fikiria pale saiba. Umepakua taarifa ya miamala yako ya miezi sita ili uichapishe, au umetuma nakala ya kitambulisho. Umefuta, umelipa, umeenda zako. Faili bado liko pale, na jina lako, nambari yako ya simu na watu unaowatumia pesa. Ni lazima umwage pipa pia. Vilevile, kufunga dirisha la kivinjari si sawa na kutoka kwenye akaunti. Bonyeza kitufe cha kutoka kwanza, kisha ufunge.

Kwa maoni yetu, swali hili moja lina thamani kuliko maswali kumi ya "CPU ni kifupi cha nini?" Kujua kirefu cha CPU si vibaya, lakini hatujawahi kusikia mtu aliyeibiwa kwa sababu hakukijua.

3. "PIN nzuri ni ile iliyo rahisi kukumbuka."

Hapa kuna nusu ya ukweli, na ndiyo maana ni swali baya. Kweli, lazima uikumbuke. Lakini tufanye hesabu kidogo. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa, tuseme kati ya 1950 na 2007, umebakisha 58 tu. Na kama pochi yako imeibiwa pamoja na simu, kitambulisho kilichomo ndani kinamwambia mwizi ni upi. Hahitaji kubahatisha. Siku na mwezi wa kuzaliwa pia vimeandikwa pale pale.

Kwa hivyo swali liulize: ipi kati ya PIN hizi haiwezi kupatikana kwenye kitambulisho chako wala kwenye nambari yako ya simu? Mtu akilijibu hilo, huenda jioni hiyo hiyo akabadilisha PIN yake.

4. "Kilobaiti moja ni baiti ngapi?"

Wengine wamefundishwa 1,024, wengine 1,000, na kila mmoja yuko tayari kugombana. Kumbe wote wana sababu. Kwa vipimo rasmi, "kilo" ni elfu moja. Lakini kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na 1,024 ni mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi, ndiyo maana wataalamu waliizoea. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa jina la kibibaiti kwa ile 1,024 ili kumaliza mkanganyiko, ila jina hilo halijazoeleka sana. Swali kama hili lisipotaja kipimo gani kinatumika, anayekosa hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeliandika.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu kwa yeyote anayetunga maswali haya, awe mwalimu, mwajiri au kiongozi wa chama.

Kwanza, uliza kuhusu kitendo. Badala ya "ulaghai wa mtandaoni ni nini?", sema hivi: umepata SMS kwamba umetumiwa shilingi 3,500, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba alikosea nambari na anataka urudishe. Unaanza na nini? Jibu ni kuangalia salio lako kupitia menyu ya simu yako. SMS inaweza kutungwa na mtu yeyote, lakini salio lako hawezi kuligusa. Na hata ukikuta pesa zimeingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja ili zirudishwe kwa njia rasmi.

Pili, majibu yasiyo sahihi yawe makosa ambayo watu hufanya kweli. Ukiweka jibu la kuchekesha, kila mtu ataliruka na hutajua nani alikuwa hatarini. Weka "namrudishia haraka kwa sababu anaonekana mtu mzuri." Wengi watalichagua, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Tatu, usitoe alama bila maelezo. Tiki na kosa peke yake havifundishi. Sentensi mbili za "kwa nini" zinatosha, na kabla ya kuziandika hakikisha wewe mwenyewe umethibitisha jibu, hasa kama karatasi ile imenakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka.

Kuna watakaosema kwamba tunafanya mambo kuwa magumu, kwamba mama mboga hahitaji yote haya. Sisi tunaona kinyume. Mama mboga anapokea malipo kwa simu siku nzima, mteja anamwonyesha SMS huku akiharakisha kupanda boda. Yeye ndiye anayefanya mtihani huu kila siku, tena bila karatasi, na akikosa analipa mwenyewe. Anastahili maswali yanayofanana na maisha yake, kwa lugha anayoitumia.

Wikendi hii, jaribu maswali haya na watu wa nyumbani. Anza na lile la SMS ya shilingi 3,500. Usiwaambie jibu haraka. Waulize kwanza kwa nini wamechagua walichochagua, halafu kila mmoja afungue menyu ya simu yake na aangalie salio, ili mkono uzoee njia.