Tahariri: Kambi ya mapumziko nayo iwe ya watoto wa Goma

Hapa Goma, mwambie mama kwamba mtoto wake atalala kambini siku mbili, atakuuliza kwanza vita imefika wapi. Kambi kwetu ni Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala: plastiki nyeupe juu ya mawe ya volkano, mvua, foleni ya maji. Kambi hizo zilivunjwa Februari 2025, muda mfupi baada ya M23 kuchukua mji, lakini neno limebaki na maana ileile.

Kuna kambi nyingine, nayo haikuwa mbali. Kwenye kisiwa cha Tchegera, ndani ya Ziwa Kivu, Mbuga ya Virunga ilijenga mahema ya wageni. Unavuka kwa boti, unatembea kwenye ukingo wa volkano ya zamani uliojikunja kama mwezi mchanga, usiku unatazama mwanga mwekundu juu ya Nyiragongo. Na kutoka Kibati watu walipanda mlima huo kwa miguu saa tano hivi, wakalala katika vibanda huko juu, kwenye metre 3,470, kwa baridi inayoingia hadi mifupani.

Nani alikwenda? Zaidi wageni waliolipa dola kwa mamia. Mtoto wa Majengo au Ndosho anaijua Nyiragongo kwa hadithi za 2002 na kwa Mei 2021, alipokimbia na godoro kichwani.

Hatusemi aende kesho. Mwaka 2018 utalii ulifungwa baada ya mlinzi Rachel Masika kuuawa na watalii wawili wa Uingereza kutekwa. Ulifunguliwa 2019, ukaja Covid, kisha vita ikarudi. Walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini. Mtu asiwadanganye wazazi kwamba barabara ni salama kwa sababu bunduki zimenyamaza siku tatu.

Na hata siku ya amani, huku kwetu hema halipigwi popote. Kuna mazuku. Gesi hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pepo zikitulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kusikia kitu, huku mtoto aliyelala chini hapohapo akafa. Kuanzia Goma hadi Sake, mbuzi na watu wamekufa hivyo. Ukiona ndege au panya amekufa shimoni, usishuke kumwangalia.

Virunga ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Ni watoto wangapi wa Goma waliowahi kulala humo usiku mmoja kwa hiari yao?

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa wasimamizi wa mbuga: siku milango itakapofunguliwa tena, boti ya kwanza ya Tchegera isijazwe na wageni peke yao. Kila mwezi kuwe na nafasi za shule za Goma na Nyiragongo, kwa bei ya franka ambayo mzazi muuza sambaza anaweza kuitoa, pamoja na mlinzi wa kuwaongoza. Wakati tunangoja, walimu waombe wataalamu wa kituo cha volkano, OVG, waje darasani kufundisha mazuku. Somo hilo halihitaji boti.