Neno la Mhariri: Jina la Mwisho ni la Nani?

Kila Mtanzania aliyewahi kuomba kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa au hati ya kusafiria amekutana na nafasi tatu za kujaza: jina la kwanza, jina la kati, jina la mwisho. Mbili za mwanzo hazisumbui. Ya tatu ndiyo inayotugawa. Mmoja ataandika jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la ukoo, wa tatu jina la ubatizo la baba yake kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha darasa la saba. Watoto wa tumbo moja wanaweza kufika mahakamani kudai mirathi ya mzee wao wakiwa na majina ya mwisho matatu tofauti, na hakimu akalazimika kuwataka viapo kuthibitisha kwamba ni ndugu.

Toleo hili lote tumelitoa kwa ajili ya nafasi hiyo ya tatu. Hoja yangu ni kwamba ilitungwa kwa kipimo cha Ulaya, ikaletwa kwetu kwa fomu za serikali, na sisi tumekuwa tukiijaza kwa mazoea. Mazinde, kijiji cha barabarani na relini kati ya Mombo na Same, kinatosha kuonyesha tunachopoteza kwa mazoea hayo.

Tuanze na jina la Kizungu lililopita maeneo haya. Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Oscar Baumann waliondoka Pangani na msafara mkubwa wakielekea Usambara, nia yao ikiwa kufika Kilimanjaro. Hawakufika. Pwani iliwaka vita dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wapagazi wakawatoroka, na waliporudi walikamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakasimama juu ya Kibo. Kilele kile alikipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, jina lililoondolewa Tanganyika ilipopata uhuru, kilele kikaitwa Uhuru. Lakini kilele kirefu kuliko vyote vya Mawenzi, chenye mita 5,149, hadi leo kinaitwa Hans Meyer.

Meyer maana yake nini? Asili yake ni neno la Kilatini maior, yaani mkubwa. Katika Ujerumani ya zama za kati lilikuwa jina la cheo: mtu aliyesimamia shamba la kabaila au la kanisa, akiwahimiza wakulima na kupokea mazao kwa niaba ya mwenye ardhi. Kwa lugha ya mashamba ya mkonge ya Tanga, huyo ni nyapara. Kila kijiji kilikuwa na nyapara wake, na ndiyo sababu jina limeenea. Kaskazini huandikwa Meyer, kusini Maier au Mayer, kwingine Meier. Peke yake Meyer limo katika majina kumi ya ukoo yaliyoenea zaidi Ujerumani, na ukijumlisha ndugu zake wa tahajia linasogea karibu kabisa na kilele, pamoja na Müller msaga nafaka na Schmidt mhunzi. Baadhi ya familia za Kiyahudi zenye jina hilo zina asili nyingine kabisa: kwao limetoka katika jina la Kiebrania Meir, mwenye kuangaza.

Jina hili linatufundisha mambo mawili. La kwanza, wingi wa jina ni ushahidi wa historia. Wingi wa Meyer unaeleza namna ardhi ilivyomilikiwa na nani alimtumikia nani karne nyingi zilizopita. La pili, jina la ukoo lisilobadilika si kitu cha asili hata huko Ulaya. Lilikomaa polepole kwa mahitaji ya kodi, mahakama na jeshi, na mahali pengine lililazimishwa kwa amri. Mwaka 1787 mfalme Joseph wa Pili wa Austria aliwaamuru Wayahudi wa himaya yake wachukue majina ya kudumu. Napoleon alitoa amri kama hiyo mwaka 1808. Uturuki iliwataka raia wake wote wawe na majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934. Iceland, nchi ya Ulaya kama nyingine, hadi leo wengi wa watu wake hutambulishwa kwa jina la baba au la mama, na serikali yao inafanya kazi bila kukwama. Anayetuambia kwamba mtu mstaarabu lazima awe na jina la ukoo la kurithishwa kwa baba pekee hajaiuliza historia.

Sasa turudi Mazinde. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa akitawala hapa bondeni, kwenye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Akiwa na bunduki na biashara ya pembe mkononi, alipigana na mpwa wake Shekulwavu, aliyekalia kiti cha Vugha, makao makuu ya ufalme, akamwondoa. Nchi iliyosimama vizazi kadhaa ikapasuka, Wabondei wakaasi, na watu wengi wakauzwa pwani. Si sifa tupu. Lakini tazama majina: Semboja, Shekulwavu. Silabi ya kwanza, Se au She, katika lugha za Wasambaa, Wabondei na Wazigua, hubeba maana ya baba wa. Ndiyo inayosikika katika Shekifu na Shelukindo, majina tuliyoyazoea bungeni kutoka Lushoto na Bumbuli, na katika jina la Samuel Sehoza, Mbondei wa misheni ya Kianglikana aliyeandika habari za kifungo chake mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Jina la namna hii linatazama mbele. Badala ya kumweleza mtu kwa aliyemzaa, linamheshimu kwa uzazi, kwa kuwa mzizi wa wengine. Jina la Kimweri nalo lilirudi tena na tena katika nasaba ya Vugha, kwa kuwa mjukuu alimwinua babu. Hiyo nayo ni njia ya kudumisha jina, isipokuwa mwendo wake ni wa kuruka kizazi na kurudi. Fomu ilipofika, ikayagandisha yote. She iliyokuwa heshima ya mtu mmoja ikawa jina la mwisho la wajukuu wote, wavulana kwa wasichana, na wengi wanaolibeba leo hawajui kwamba wanatamka neno baba kila wanapojitambulisha.

Anayetaka kuthibitisha ubora wa kuandika mapema na asome kazi ya Abdallah bin Hemedi, karani wa Semboja hapa Mazinde, aliyetuachia Habari za Wakilindi. Yeye mwenyewe aliitwa el-Ajjemy, nisba ya pwani inayoelekeza asili ya Uajemi, na kwa hiyo katika baraza moja la Mazinde yalikutana majina ya milimani na majina ya ng'ambo ya bahari. Karani huyo hakuona haya kuandika kwa Kiswahili nasaba za watu wasio wa kabila lake. Ni yeye aliyehifadhi masimulizi ya Mbega, mwindaji wa Unguu aliyekataliwa na ndugu zake kwa sababu alitangulia kuota meno ya juu, akapitia Kilindi, akapanda Usambara na kuanzisha ufalme. Bila wino wa Mazinde, sehemu kubwa ya hayo tungekuwa tunayakisia. Wajerumani walipokuja kuweka kituo chao mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliandika Masinde na Sembodja, kwa tahajia ya kwao. Anayeandika jina ndiye anayeamua litasomwaje.

Upande wa pili wa mto Pangani, Handeni, nafasi ya tatu ya fomu inafanya dhuluma kubwa zaidi. Wazigua na Wanguu wamo katika jamii za mashariki mwa Tanzania zilizohesabu ukoo kwa mama, pamoja na Waluguru, Wakaguru na Wazaramo. Fomu inayodai jina la baba na la babu tu inaiacha nje nasaba ambayo ndiyo iliyompa mtu mahali pake. Nguvu ya nasaba hiyo haihitaji kubishaniwa. Katika karne ya 19, miaka ya njaa na utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa hadi Somalia. Wajukuu zao wa bonde la Juba waliendelea kusema Kizigua na kukumbuka walikotoka kwa zaidi ya karne moja na nusu, bila cheti wala daftari. Vita vya Somalia vilipowakimbiza, baadhi yao walifikia makazi ya Chogo, humo humo Handeni, na Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Walirudi wakiwa na lugha na nasaba.

Mazinde imewahi pia kuona kinyume chake, mtu aliyeondolewa jina. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yalisambaa mashamba ya Muheza, Korogwe na Mazinde, na reli iliyotoka Tanga ikapita katikati yake. Vibarua waliletwa kutoka Songea, Kigoma, Umakonde na Burundi; kuanzia mwaka 1944 ofisi iliyowakusanya kwa ajili ya mashamba iliitwa Silabu. Wao wenyewe waliitwa manamba, kwa sababu mwajiri aliwatambua kwa namba. Namba iliandikwa kwenye kipande, namba iliitwa asubuhi kwenye mstari, namba ilipokea posho. Kilichowarudishia utu jioni kambini ni kuitana kwa majina ya nyumbani. Majina hayo hayakufa. Leo Ngonyani, Komba na Haule ni majina ya Korogwe kama Shemdoe lilivyo, na wapiga kura wa Korogwe Vijijini, jimbo la Mazinde, waliwahi kumchagua Stephen Ngonyani kuwa mbunge wao.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaohofia kwamba kufufua majina ya koo ni kufufua ukabila. Hofu hiyo naiheshimu. Taifa hili lilijenga umoja wake kwa makusudi, na sensa zetu ziliacha kuuliza kabila baada ya ile ya mwaka 1967. Lakini umoja uliompeleka bungeni mtu mwenye jina la Kingoni kwa kura za Wasambaa na Wazigua haukuhitaji afute jina lake. Ukabila hukua mahali ambapo watu hawazijui habari za wenzao, na habari hizo zimo katika majina.

Wengine husema tuache yaende, kompyuta zitahesabu. Zinahesabu nini? Programu inayopanga majina ya mwisho ya Watanzania kwa wingi itatoa Juma, Hamisi, Saidi, John na Joseph. Wingi wa Meyer unaeleza kazi iliyofanywa na mababu. Wingi wa Juma kama jina la mwisho unaeleza tu kwamba babu wengi walizaliwa siku ya Ijumaa, kisha karani akahitaji neno la kujaza. Tukiruhusu hesabu hiyo iwe ndiyo historia yetu, watafiti wa karne ijayo watalisoma taifa lisilo na asili.

Sisemi kila mtu abadili jina. Vyeti, hati za ardhi na akaunti za benki vimefungwa na majina tuliyonayo, na kubadili kuna gharama. Ninadai mambo matatu. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto RITA akae kwanza na wazee wa pande zote mbili, akaamue kwa makusudi jina la mwisho litakuwa lipi, na watoto wote wa nyumba hiyo walibebe hilo hilo. Walimu wa Kiswahili na historia wawape wanafunzi kazi ya kuandika maana na safari ya majina yao, upande wa baba na upande wa mama, na shule iyahifadhi madaftari hayo. Na mamlaka za usajili ziongeze mahali pa hiari pa ukoo wa mama, maana Mzigua hapaswi kukana nusu ya asili yake ili apate kitambulisho.

Makala zinazofuata zinaanza na majina ya Se na She, zinaingia katika nisba za pwani, majina ya ubatizo ya misheni, majina waliyopewa watumwa na majina ya kambi za mkonge, kisha wanasheria wetu wanaeleza taratibu za kiapo cha majina na mirathi. Kurasa za mwisho tumeziacha wazi kwa ajili yako. Andika humo jina lako kamili, aliyekupa, maana yake kwa kadiri wazee wako wanavyoijua, na mahali lilikotoka. Fanya hivyo wangali hai. Mazinde ilikuwa na karani mmoja, naye akaokoa historia ya ufalme mzima. Leo kila nyumba ya bonde hili ina anayejua kusoma na kuandika, kwa hiyo tukiyaacha majina haya yapotee hatutakuwa na wa kumlaumu.